Uliza Fundi: Kisu cha porini kinataka chuma kisichokatika

Barua za mwezi huu nyingi zinahusu visu. Si visu vya jikoni wala vya kukunja vya kutia mfukoni, bali kile kisu kimoja kisichokunjwa, chenye msuka uliozama ndani ya mpini, kinachovaliwa kiunoni na mtu anayelala porini, anayechunga, anayevua au anayerina asali. Nimechagua barua chache. Ile ya Iringa nimeijibu kwa kirefu kwa sababu imebeba maswali ya wengine wengi, kwa hiyo asiyeiona barua yake hapa aanze na jibu hilo.

*

Shikamoo Fundi. Mimi ni mwongozaji wa safari za miguu huku Iringa. Kambini kisu changu kinafanya kila kazi: kupasua kuni za kuwashia moto, kuchonga vigingi vya hema, kukata kamba, kuchuna mbuzi. Kile nilichokuwa nacho kimemeguka makali kwenye kuni kavu ya mgunga. Sasa natafuta kingine na nimebakiwa na vitatu vya kuchagua. Cha kwanza ni cha chuma kiitwacho D2, muuzaji ameandika ugumu 60 hadi 62. Cha pili ni cha chuma cha 1095. Cha tatu ni cha 3V, bei yake mara nne ya kile cha kwanza. Rafiki yangu ananisukuma nichukue D2 kwa sababu ndicho kigumu zaidi. Unanishauri nini?
*Mwongozaji, Iringa*

Marahaba, kijana wangu. Hicho cha D2 kiache.

Rafiki yako hajakosea kusema ndicho kigumu zaidi, lakini ulipokutana na mgunga si ugumu uliokosekana. Ugumu ni uwezo wa chuma kukataa kubonyea na kulika, na namba zake hapa ni za kipimo cha HRC nitakachokieleza chini. Kumeguka ni habari nyingine. Hapo chuma kinaulizwa kinaweza kumeza kishindo kiasi gani kabla ufa haujaanza. Kwa chuma kile kile, kadiri unavyopandisha ugumu ndivyo unavyopunguza ustahimilivu wake wa kishindo. Na vyuma viwili tofauti vyenye ugumu sawa wa 60 vinaweza kupishana mara kadhaa katika kustahimili kishindo. Namba moja iliyoandikwa kwenye tangazo haiwezi kukuchagulia kisu.

D2 ilibuniwa kwa ajili ya viwanda, kwa zile kalibu za kukatia na kubonyezea mabati. Ina kaboni asilimia 1.5 na kromiamu asilimia 12 hivi. Chuma kinapoganda, kaboni na kromiamu hushikana na kuzaa chembe ngumu mno ziitwazo kabaidi, na katika D2 ya kawaida chembe hizo ni kubwa. Ndizo zinazokiwezesha kisu kukata kamba, maboksi na ngozi mchana kutwa bila kupoteza makali. Ndizo hizo hizo ufa unakoanzia. Makali membamba ya D2 yenye ugumu wa 62 yakigonga kifundo cha mti kwa ubavu, kipande kinaondoka. Kwa kisu kidogo cha kuchunia sina ugomvi na D2, tena nakipenda. Kwa kisu kitakachogongwa mgongoni kwa gogo, hapana. Wala ile kromiamu ya asilimia 12 isikupe moyo kuhusu kutu, maana sehemu kubwa imefungwa ndani ya kabaidi na inayobaki haitoshi kukikinga. Kitashika madoa tu.

1095 ni chuma cha kawaida chenye kaboni karibu asilimia 1 na manganisi kidogo, basi. Kinanoleka upesi hata kwa jiwe la mtoni, na viwanda vyenye jina Marekani vinakitumia kwa visu vya porini miaka na miaka. Lakini tazama wanavyokitumia. Wanashusha ugumu hadi 55 au 57, na wanaliacha bapa likiwa nene. Wanafanya hivyo kwa sababu 1095 kikipewa ugumu mkubwa si chuma kivumilivu. Kwa hiyo kabla hujalipa, muulize muuzaji ugumu wake ni ngapi. Akijibu 60, nawe unataka kupasulia kuni, mwachie. Akijibu 56 na bapa lina unene wa milimita 4 au 5, ni kisu cha kukuzeesha nacho, mradi ukikaushe na kukipaka mafuta kila jioni, kwa kuwa kinashika kutu usiku mmoja wa umande.

3V ni habari ya namna yake. Hiki kimetengenezwa kwa unga: chuma kilichoyeyuka hupulizwa kwa gesi kikawa chembechembe, kisha chembechembe zikabanwa kwa joto na mgandamizo mkubwa zikawa kipande kizima. Kabaidi hazipati nafasi ya kukua, zinabaki ndogo na kusambaa sawasawa. Kina kromiamu asilimia 7.5 na vanadiamu asilimia 2.75 hivi. Matokeo yake, kikiwa na ugumu wa 58 hadi 60 kinakaa na makali kuliko 1095 na kinapokea vishindo ambavyo vingevunja D2. Ukiwa na pesa, na mtengenezaji anajulikana kwa kazi ya moto, ndicho kisu. Ila ujue mambo mawili. Kutu kitashika, polepole zaidi lakini kitashika. Na jiwe lako la mtoni litakuchosha, maana kabaidi za vanadiamu ni ngumu kuliko mchanga wa jiwe hilo. Utahitaji bamba la almasi, na hilo ulitie kwenye hesabu ya bei.

Sasa niseme ninachokiamini hasa. Kwa kazi uliyonieleza na mfuko wa mtu anayeishi kwa mshahara wa kambi, nisingechagua chochote kati ya hivyo vitatu kabla sijatafuta 5160 au 80CrV2. Cha kwanza kina kaboni asilimia 0.6 na kromiamu asilimia 0.8 hivi, ni chuma cha springi. Cha pili kina kaboni asilimia 0.8, kromiamu nusu asilimia na vanadiamu kidogo. Havina sifa za kutangazia biashara. Havidumu na makali kama D2. Lakini kisu kilichopoteza makali porini unakinoa pale pale ulipoketi ukisubiri chai ichemke, na kisu kilichokatika ukiwa mbali na gari kimekuacha bila kisu. Mimi nachagua kwa kufuata hilo, na wateja wangu wanaolala nje nawachagulia hivyo hivyo.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna tangazo linalolisema: matiko ni makubwa kuliko jina la chuma. Nasema ile kazi ya kukipasha kisu moto hadi kiwive, kukizamisha kwenye mafuta, kisha kukipasha tena kwa joto dogo ili kipunguze ukali wa ndani. 5160 iliyotiwa matiko vizuri inaishinda 3V iliyoharibiwa motoni, kila siku ya wiki. Muuzaji asiyeweza kukuambia ugumu wa kisu chake, au anayekuambia namba ambayo haifanani na chuma anachokitaja, hajui anachouza.

Nimalizie na mgunga wenyewe, maana hapa watu wetu wanaonewa na visu vya nje. Visu vingi vya porini vinavyosifiwa vimechongwa na watu wa nchi za baridi, kwa kuni za msonobari na mbetula, miti laini. Makali yao ni membamba kwa sababu miti yao inaruhusu. Mgunga mkavu, mkambala au mpingo ni mti mwingine kabisa, mpingo hata majini unazama. Ukinunua kisu chochote, mwambie fundi akufungulie makali kwa pembe ya nyuzi 20 hadi 22 kila upande. Utapoteza wepesi kidogo wa kuchonga, na makali hayatameguka ovyo. Unapopasua, gonga kwa gogo na si kwa jiwe wala nyundo, kisu kiwe kimenyooka, na usikipindue kikiwa kimebanwa ndani ya kuni. Kuni iliyo pana kuliko urefu wa bapa ni ya shoka. Na ukishakipata, kijaribu nyumbani kwenye kuni yenye kifundo. Kisha kiinue makali yaelekee mwanga. Palipomeguka au palipokunjika patang'aa. Kama ni kibovu, heri ukijue ukiwa Iringa mjini, dukani pakiwa karibu.

*

Salamu sana Fundi. Mimi ni mfugaji, Kajiado. Fundi mmoja wa jua kali alinitengenezea sime kutoka springi ya lori. Ilikuwa kali ajabu, mpaka inanyoa nywele za mkono. Juzi nikikata miiba ya kuzungushia boma, ikakatika pale karibu na mpini, haikupinda hata kidogo. Nimeangalia pale ilipokatikia naona mapunje makubwa yanayong'aa, na upande mmoja kuna doa jeusi. Je, hizi springi si chuma kizuri vile watu husema?
*Mfugaji, Kajiado*

Salama, mzee wangu, na pole kwa sime. Nakushukuru kwamba ulipatazama pale ilipokatikia ukaniandikia ulichokiona, kwa sababu umenipa ushahidi wote ninaouhitaji.

Springi ni chuma kizuri. Kazi yake chini ya lori ni kupinda na kurudi mara zisizohesabika ikiwa imebeba tani za mzigo, na mtengenezaji wake amekichagua chuma kisichokatika. Nyingi zinakaribiana na ile 5160 niliyomtajia kijana wa Iringa. Nyingine, hasa za magari ya zamani ya Uingereza, zina silikoni nyingi badala ya kromiamu. Zote zinafaa sime. Kilichokatika kwako ni kazi ya mkono na moto.

Hayo mapunje makubwa kama sukari ni alama ya chuma kilichopashwa moto kupita kiasi. Chuma kikikaa kwenye moto mkali mno, punje zake za ndani zinakua, na punje zikikua ufa unapata njia nyeupe ya kupita katikati yake. Chuma cha springi kilichotiwa matiko sawasawa kikivunjwa huonyesha uso wa kijivu, laini, usiong'aa, ambao jicho haliwezi kutenganisha punje. Lile doa jeusi nalo linasema kwamba ufa ulikuwepo kabla ya siku ile. Hewa na joto viliingia humo zamani. Ama springi ilikuwa imechoka ikiwa bado chini ya lori, ama sime ilipasuka wakati wa kuzamishwa. Mafundi wengi wanazamisha springi kwenye maji. Maji yanaipoza kwa ghafla mno kuliko inavyoweza kuvumilia, na nyufa ndogo zisizoonekana zinazaliwa hapo hapo. Kisha imekatikia karibu na mpini, na huko ndiko msuka unakokutana na bapa. Nina hakika kona yake ilikatwa mraba kwa grainda. Kona ya mraba inakusanya nguvu zote za pigo mahali pamoja.

Ukimrudia fundi wako, au ukienda kwa mwingine, mpelekee maneno haya.

Springi iwe mpya, au ile iliyobaki kipande bila kuwahi kufungwa kwenye gari. Ikishindikana, ikatwe kutoka mwisho wake na si katikati, kwa sababu katikati ndiko kunakopinda sana. Isiwe ile yenye mikwaruzo mirefu au tundu.

Akishaifua, aipashe hadi sumaku iiachie, aiache ipoe yenyewe hewani, arudie mara mbili tatu, kila mara kwa moto mdogo kidogo kuliko uliotangulia. Hiyo inarudisha punje kuwa ndogo. Hatua hii inarukwa kuliko zote, na ndiyo ingeokoa sime yako.

Kisha kuzamisha. Sumaku huachia chuma kwenye joto la nyuzi 770 za Selsiasi hivi. Springi inataka kupanda juu kidogo ya hapo, karibu nyuzi 830 au 840. Afanye kazi kivulini au jioni ili aione rangi vizuri, maana juani chuma kilichowiva kupita kiasi huonekana bado. Azamishe kwenye mafuta ya alizeti yaliyopashwa hadi vuguvugu, si maji, si mafuta machafu ya injini ambayo moshi wake ni sumu kwa mapafu yake.

Mwisho, mara tu sime inapopoa kiasi cha kushikika, iingie kwenye oveni ya nyuzi 200 kwa saa mbili, itoke ipoe, irudi saa mbili nyingine. Oveni ya kuokea mikate inafaa. Sime iliyozamishwa bila hatua hii ni kali kweli, inanyoa nywele, na inakatika siku yoyote. Nadhani ndiyo uliyouziwa. Kwa sime ndefu ya kukatia miiba mimi ningepandisha hata kuliko hapo, nyuzi 220 hivi, nikubali inolewe mara kwa mara.

Na zile kona mbili za msuka azizungushe kwa tupa ya mviringo mpaka kidole kisihisi pembe.

*

Fundi, mimi ni mwanafunzi wa ufundi, Dodoma. Naona kila mahali wameandika HRC, lakini hakuna namba ya huo ustahimilivu wa kishindo. Unapimwaje?
*Mwanafunzi, Dodoma*

Unapimwa, ila wauzaji hawauandiki. HRC ni kipimo cha Rockwell: koni ya almasi inakandamizwa juu ya chuma kwa uzito wa kilo 150, na mashine inasoma imezama kina gani. Hakikiharibu kisu, kinachukua muda mfupi, karakana nyingi zinacho. Tupa mpya ina karibu 65, panga la shambani mara nyingi liko chini ya 50, na kisu kizuri cha porini kinakaa kati ya 56 na 60.

Kishindo kinapimwa kwa njia ya Mfaransa Georges Charpy, nayo inataka kuvunja. Nyundo nzito inayoning'inia inaachiwa kutoka juu, inakivunja kipande cha chuma kilicholazwa njiani, kisha inapanda upande wa pili. Kadiri ilivyopungukiwa kupanda, ndivyo nguvu ilivyomezwa na chuma. Mtaalamu wa vyuma wa Marekani, Larrin Thomas, amevivunja kwa njia hii vyuma vingi vya visu na kuyatoa matokeo hadharani, na ndiye aliyebuni chuma cha MagnaCut kilichotoka mwaka 2021. Ukiyasoma utaona 5160, 3V, na vile vyuma visivyoshika kutu vya Sweden nitakavyovitaja hapa chini vikiwa juu kabisa, na D2, 440C na 1095 vikiwa chini. Mpangilio huo ujifunze kabla ya kujifunza namba.

*

Assalaam alaykum Fundi. Mie mvuvi, Pemba. Kisu hukitumia mashuani na shamba: kukata nyavu na kamba, kusafishia samaki, kufulia nazi, pengine kuchongea vigingi. Vya chuma cha kawaida huniliwa na kutu mara moja. Vile visivyoshika kutu nilivyonunua havikai na makali, vyengine hupinda. Kweli kipo kisichoshika kutu kikawa na nguvu?
*Mvuvi, Pemba*

Waalaykum salaam, kaka. Kipo, na wala si cha bei ya kutisha.

Visu vinavyouzwa sokoni vikiwa vimeandikwa tu kwamba havishiki kutu, mara nyingi ni vya chuma chenye kaboni ndogo sana. Kutu hakishiki kweli, na makali hakikai kwa sababu hakuna kitu ndani cha kuyashikilia. Hivyo ndivyo vilivyokupindia. Upande wa pili kuna 440C, yenye kaboni asilimia 1 na kromiamu asilimia 17. Inadumu na makali, lakini kabaidi zake ni kubwa, na ukifulia nazi kwa kisu cha 440C chembamba utakuja kuona mapengo.

Tafuta chuma cha Sweden kiitwacho 14C28N, au ndugu zake 12C27 na AEB-L. Hiki cha mwisho kilibuniwa kwa ajili ya nyembe za kunyolea, na nyembe hazitaki kabaidi kubwa, kwa hiyo waliipunguza kaboni na kromiamu mpaka zikabaki chembe ndogo sana. 14C28N ina kaboni asilimia 0.62, kromiamu 14 na naitrojeni kidogo ya kusaidia dhidi ya kutu. Ajabu yake ni kwamba chuma hiki kisichoshika kutu kinastahimili kishindo karibu sawa na springi. Naona uchungu kwamba pwani yote watu wanapewa kuchagua baina ya kutu na ulaini, na chuma hiki kipo siku zote.

Kwa mtu asiyetoka baharini kabisa, kuna LC200N, ambayo naitrojeni imechukua sehemu ya kaboni. Ilianzia kwenye beringi za vyombo vya anga. Maji ya chumvi hayaiwezi, na haimeguki. Haidumu na makali kupita kiasi na bei yake ni kubwa, kwa hiyo kwako bado nasema 14C28N.

Kikiwa chochote kati ya hivyo, kioshe kwa maji ya kisima ukifika ufukweni. Usikilaze ndani ya ala ya ngozi iliyolowa chumvi, maana ngozi inaishika chumvi na unyevu vikakaa vimegusana na chuma usiku kucha. Ala ya plastiki yenye tundu chini ni bora mashuani. Mafuta ya nazi yanatosha kwa kupaka, nawe unayo.

*

Habari Fundi. Naishi Göteborg, Sweden. Likizo nakuja nyumbani na nataka kumletea mjomba wangu kisu cha Mora. Yeye anarina asali Sikonge, Tabora. Kuna cha chuma cha kaboni na kisichoshika kutu, na wenyeji wa huku wengi wanasifu cha kaboni. Nichukue kipi?
*Msomaji, Göteborg*

Njema, dada. Mchukulie kisichoshika kutu. Wenyeji wa huko wanasifu kaboni kwa sababu inanoleka upesi na mgongo wake ukikwaruzwa na jiwe gumu unatoa cheche za kuwashia moto. Mjomba wako ana kiberiti. Anachokutana nacho ni asali, na asali ina asidi. Bapa la kaboni likikata masega kutwa linakuwa jeusi na kuiachia asali ladha ya chuma, na yeye asali hiyo anaiuza.

Visu vya kawaida vya Mora ni vyembamba, milimita 2 na kitu. Kwa masega na kamba za magome ni vizuri mno. Kama unajua atakitumia na kwenye kuni, basi mwongezee pesa umchukulie kile kiitwacho Garberg, cha aina isiyoshika kutu: bapa lake ni milimita 3.2, msuka wake unapita mpini mzima, na chuma ni ile 14C28N. Mwambie fundi wa huko au wa hapa akiongezee ukingo mdogo kwenye makali, kwa sababu yametoka kiwandani yakiwa membamba kwa ajili ya miti ya kwao, na miombo haina huruma hiyo. Kipakie kwenye sanduku linaloingia tumboni mwa ndege, si mkoba wa mkononi, na makali yawe yamefungwa.

*

Fundi shikamoo. Najifunza uhunzi, Geita. Nimepata beringi kubwa za mtambo wa mgodini zilizotupwa. Nimesikia beringi ni chuma cha visu. Nizifue?
*Fundi mchanga, Geita*

Marahaba, mwanangu. Zifue, lakini kwanza ujue umeshika nini. Chuma cha beringi kinachosifiwa ni 52100, kaboni asilimia 1 na kromiamu 1.5. Kinatoa kisu chenye makali safi, kinachodumu kuliko springi na kisichomeguka kama D2. Tatizo ni kwamba beringi nyingi kubwa za mitambo hazikutengenezwa hivyo. Zimetengenezwa kwa chuma chenye kaboni ndogo kilichopikwa ili ngozi ya juu tu iwe ngumu. Ukiifua, ile ngozi inaliwa na grainda na unabaki na moyo usioshika makali.

Kata kipande kidogo kwa grainda. Kioshe grisi yote kwanza, maana ikiwaka inarusha moto. Kipashe mpaka sumaku iachie na kidogo zaidi, kizamishe kwenye mafuta vuguvugu, kikipoa kibane kwenye jiliwa ukipige nyundo, miwani ikiwa usoni na kitambaa juu ya kipande. Kikivunjika na uso wote wa mvunjiko ukawa wa kijivu sawasawa, umepata 52100 au inayokaribiana nayo. Kikipinda, au ukaona ukingo wa rangi moja na katikati rangi nyingine, kifanye patasi au uza kwa kilo.

Ikiwa ni yenyewe, usianze na kisu cha kupasulia kuni. 52100 haisamehe moto wa kubahatisha kama springi inavyosamehe, na mwanafunzi asiye na kipimajoto ataikuza punje bila kujua. Anza na kisu cha kuchunia cha milimita 3, joto la oveni nyuzi 200 mara mbili, upate ugumu wa 59 au 60. Vya kupasulia vifue kwa springi mpaka mkono wako uuzoee moto. Na kila kipande unachokijaribu kivunje ukitazame ndani, hata kile unachodhani kimetoka vizuri.